Geuza Kiganja Juu

Unageuza uso. Nimekuona. Umeletewa chai, umepokea, na mkono uliokuletea hukuutazama.

Mimi niliutazama, asubuhi ya Idi pili, mtaa wa Khuwair ya Kusini, nyumbani kwa mpwa wangu Reem. Nanteza, msichana wa Kiganda anayemhudumia dada yangu Mahbuba, alininyooshea sahani ya halua kwa mkono wa kushoto.

"Kushoto tena!" Reem akamaka. "Msamehe, Mjomba. Nshamwambia mpaka nimechoka, adabu haimwingii."

"Wa kulia una nini?"

"Una nini! Una nguvu za punda." Akampandisha mkono wa gauni. "Tazama alivyotoa msuli. Mwanangu Badr anamwita bondia."

Kweli, karibu na bega palikuwa na donge kama andazi. Na penye kunjo la kiwiko, damu imevilia.

"Donge hili limetoka lini?"

Nanteza akamtazama Reem kwanza. "Siku Bibi aliteleza bafuni, boss. Nikamdaka. Ndani ya mkono ikafanya pwa! Kama raba imekatika."

"Mbona anaukunja?" Reem akadakia. "Mjomba nawe! Daktari wa vitabu vya mtumba."

Nikamshika Nanteza kiganja, kimeelekea chini. "Kigeuze juu, mimi nnakizuia."

Akauma meno. Hakikugeuka.

Nikaingia jikoni nikarudi na mguu wa mbuzi ambao haujatiwa viungo. Nikakamata kano, ile kamba nyeupe inayofunga nyama kwenye mfupa, nikavuta. Kwato ikajikunja. Nikaikata kano, nikavuta nyama. Kwato kimya.

"Msuli haujui kusukuma, Reem. Unavuta tu, na mfupa unaupata kwa kamba hii. Wa mbele ukivuta, wa nyuma unalegea, mkono unajikunja. Wa nyuma ukivuta, unanyooka. Wa mbele wa Nanteza umekatikiwa kamba, umekimbilia juu. Anaukunja mkono kwa msuli mwengine ulio chini yake, lakini kugeuza kiganja hana tena wa kumvutia kwa nguvu. Mnachokiita nguvu ni jeraha. Lisiposhonwa mapema, kano inajikunyata huko juu, inagandia huko. Nnamkumbuka Nabaggala, mtumishi wa mama yako, nyumba hii hii, wewe mdogo. Alirudi kwao hawezi kuzungusha ufunguo. Mkasema mvivu."

Nanteza alikuwa ameuficha mkono nyuma ya mgongo.

"Idi ikisha nitampeleka," Reem akasema, sauti imeshuka. "Wageni wanakuja. Na nani atamwinua mama?"

"Mimi na wewe."

"Mtaniangusha nyie!" Mahbuba akapiga kelele chumbani. "Mmoja mzee, mmoja kucha ndefu!"

Tukaenda. Reem akampitisha mamake mkono kwapani upande mmoja, mimi upande wa pili. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti si mbali. Hatujafika, Reem akaomba tupumzike. Tulipomkalisha, akabaki anautazama mkono wake mwenyewe, anaukunja, anaunyoosha.

"Kila siku anafanya peke yake?" akauliza, kama nyumba si yake.

"Na usiku," Mahbuba akasema. "Mpeleke, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwangukia."

Reem akachukua funguo za gari. "Nanteza, vaa viatu."

Wewe bado umekaa. Weka kikombe chini. Mwite aliyekuletea, mshike kiganja, mwambie akigeuze juu. Kikikataa, washa gari. Sasa hivi, wala usingoje Idi ishe.