Zulaika Ambaye Hakuwa Mgonjwa

Marjan alistaafu jeshini akiwa sajini, akajenga nyumba Kimaka, mjini Jinja. Mkewe alikuwa amefariki, na aliishi na bintiye mmoja tu, Zulaika, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akijifunza ususi katika saluni moja kule Mpumudde.

Asubuhi moja aliingia chumbani kwa bintiye kutafuta pasi. Kando ya mafuta ya nywele akaona kopo jeupe la vidonge. Kopo la namna ile alilijua: la dawa za virusi vya UKIMWI. Wapo askari wenzake walioishi nalo miaka mingi, na wapo waliozikwa kabla dawa haijafika. Akakaa kitandani, pasi ameisahau.

Mzee huyu aliwahi kufokea kikosi kizima mvuani, lakini hakujua aanzie wapi kumuuliza bintiye. Jioni kuku alipoiva, akachukua firigisi akaiweka kwenye sahani ya Zulaika.

Zulaika akashangaa. Tangu azaliwe, firigisi ilikuwa ya baba.

"Baba, umekosea sahani."

"Kula, mwanangu. Inaongeza damu."

Kesho yake akamkuta baba yake anaosha sufuria, anazikagua moja moja kama bunduki. Keshokutwa akaletewa maziwa kitandani. Vumbi lilipomkohoza, Marjan alitoka nje akasimama ameuelekea ukuta, mabega yakimtikisika. Sasa Zulaika akaogopa kweli. Mtu hagawi firigisi yake hivi hivi. Baba anaaga!

Akampigia simu shangazi yake Rashidah, aliyekuwa na duka la vitambaa Mbale, upande wa viwandani. "Shangazi, njoo. Baba anakufa na hataki kusema."

Rashidah alikuwa hajakauka machozi simu ikalia tena. Alikuwa Marjan. "Dada, njoo. Mtoto anakufa, na hajui kwamba najua."

Rashidah akafunga duka. Kabla ya kutoka alikata kitambaa cheupe cha sanda, cha mtu mmoja, kwa kuwa hakujua aamini simu ipi. Alipofika Jinja aliwakalisha wote wawili sebuleni, kitambaa kikiwa mapajani.

"Haya. Nani anakufa?"

Marjan akamnyooshea kidole Zulaika. Zulaika akamnyooshea kidole Marjan.

"Mimi?" wakasema pamoja.

"Nililiona kopo lako," Marjan akasema. "Mwanangu, baba yako hatakutupa. Watu wanakunywa dawa hizo na wanazeeka."

Zulaika akamtazama, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. "Baba! Hizo ni za kinga. Mtu asiye na virusi anakunywa kila siku ili asiambukizwe. Walinipima kwanza. Sina kitu."

"Huna?"

"Sina."

"Alhamdulillahi!" Marjan akamkumbatia, akamkumbatia na dada yake, akakitupa kile kitambaa nyuma ya kochi. Halafu akasimama katikati ya chumba, uso ukaanza kukunjamana polepole. "Hebu ngoja. Unajikinga kwa sababu gani?"

Rashidah akaanza kuchunguza dari.

"Kuna Shafik," Zulaika akasema chini chini. "Ana bodaboda. Anasema atanioa. Nikimwambia twende tukapime, anasema anaogopa sindano. Sasa mimi ningoje mpaka apate ujasiri?"

Marjan akavaa viatu, akatoka, na wanawake wakamfuata mbio mpaka kituo cha afya. Huko akamkabili muuguzi aliyeitwa Gorreti.

"Mnawapa watoto ruhusa ya kuzini!"

Gorreti akamtazama Zulaika kwanza. Zulaika akaitikia kwa kichwa kwamba aseme.

"Ruhusa hawatuombi sisi, afande," Gorreti akasema. "Huyu alikuja kuuliza atabakije mzima. Nikampima, nikampa vidonge. Nikampa na kondomu, maana vidonge havizuii mimba wala magonjwa mengine. Wewe ungemwambia nini?"

Marjan akaviangalia viatu vyake. Alikuwa amevaa cha kushoto mguu wa kulia.

Ndipo Rashidah akakohoa kidogo. "Muuguzi, na sisi wa miaka hamsini tunapewa?"

"Dada!"

"Mume wangu anaendesha lori mpaka Juba. Wewe nenda kangoje nje."

Akangoja nje. Rashidah akapimwa, akatoka na kopo lake ndani ya mkoba, akampigia mumewe simu pale pale chini ya paa la kituo.

"Huniamini, Rashidah?" Muhamad akang'aka mpaka watu wa kwenye benchi wakasikia.

"Wewe nakuamini. Barabara ndiyo siiamini."

Muhamad akauliza kama kituo kinafunguliwa Jumamosi.

Wiki iliyofuata Marjan alikwenda stendi ya bodaboda, akamtafuta Shafik, ambaye hakujua mzee huyu ni nani, akapanda nyuma. "Kituo cha afya," akasema. Walipofika getini akachomoa ufunguo wa pikipiki. "Mimi ni baba yake Zulaika. Shuka."

Gorreti alimfukuza Marjan mlangoni, akamrudishia kijana ufunguo, akamwambia hapa hapimwi mtu kwa amri, yuko huru kwenda. Shafik akaushika ufunguo muda mrefu, akimchungulia mzee dirishani. Mwishowe akakunja shati, akafumba macho na kunyoosha mkono.

"Kidole kinatosha," Gorreti akamwambia.