Kibao cha Kuingia, Kibao cha Kutoka

Vilma alikuwa anachanganya nyama ya soseji na paprika, mikono myekundu hadi viwikoni, barabara ya kijiji cha Kiskerekes ilipojikunja tena. Vyombo vikagongana kabatini. Akachungulia dirishani: nyumba ya jirani yake Rezső imesogea, ukuta wake umegusa wa kwake.

"Haya, nani tena?" akafoka.

Ndivyo kilivyokuwa kijiji hicho. Mtu akifa, au akihamishia makazi Austria, ardhi yake iliondoka naye, na waliobaki wakasogezwa pamoja. Mwalimu alipohama, shule ilitoweka na uwanja wake. Alipohama mwoka mikate, kanisa likaja kusimama nyuma ya zizi la nguruwe, na kengele ya adhuhuri, kwa mtikisiko wake, ikawa inamwaga maziwa jikoni kwa Vilma kila siku. Alikuwa amechoka kupiga deki.

"Safari hii ni wa kwako," Rezső akasema dirishani kwake, moshi wa sigara ukimfikia Vilma usoni. "Ile miplamu tuliyogombania maisha yote haipo."

"Koma! Wangu haondoki. Binti yangu Emőke anakuja na basi la mchana, kama kila tunapochinja nguruwe."

"Basi lipi?" sauti ikauliza mezani nyuma yake.

Afisa wa mkoa, aliyefika asubuhi kupima kijiji na akakaribishwa mezani kama mgeni yeyote siku ya kuchinja, alifuta mafuta midomoni. Akaeleza kwa upole kwamba basi limeondolewa. Kijiji kimekuwa kifupi, mtu anakimaliza kwa miguu kabla sigara haijaisha. Basi la nini?

"Wewe bwana, una akili timamu?" Vilma akapiga meza. "Mji wa soko haujasogea hata kidogo! Tunaosogea ni sisi!"

Afisa akakubali kwamba hilo ni kweli. Akaomba soseji nyingine.

Simu ikalia. Alikuwa Emőke, kutoka Vienna, anakomtunza bibi mmoja wa watu.

"Mama, usikasirike. Leo asubuhi nimehamishia makazi yangu huku. Bibi anaogopa kulala peke yake."

"Na mimi ninalala na nani? Na kengele?"

"Si una majirani karibu, Mama."

"Karibu mno!" Vilma akasema. Akakata simu kwa kidole chenye paprika.

Sahani ya Emőke ilikuwa tayari, kipande cha ini na soseji ndefu kuliko zote. Vilma aliitazama kwa muda. Kisha akaipitisha dirishani, hakuhitaji hata kuinuka, ikamfikia Rezső kifuani.

"Kula. Na miplamu yangu sijakusamehe."

"Yangu," Rezső akasema, akaanza kula.

Vilma akatoka nje. Kibao chenye jina la kijiji, kinachokaribisha wanaoingia, na kile chenye jina lilelile lililokatwa kwa mstari mwekundu, kinachoaga wanaotoka, vyote viwili vilikuwa vimesimama getini kwake, bega kwa bega. Afisa akapita katikati ya vibao hivyo na sahani yake iliyofunikwa, akashukuru, akapanda gari lake.

Vilma akafua aproni. Akafunga kamba kutoka kibao hadi kibao, akaianika. Kamba ilitosha aproni moja tu.