Mfereji wa Nderingo

"Babu yako alichimba nini, Gidioni, zaidi ya shimo la kuivishia ndizi za pombe?"

Gidioni alicheka tu. Yeye ndiye mwenye kilabu cha mbege kando ya mfereji, na tangu asubuhi meno yalikuwa nje. Alimjibu Mama Elinipendo kwamba serikali imeshaandika, akabishane nayo.

Ripoti ya bomba la maji ilikuwa mkononi mwa balozi wa nyumba kumi, mzee Aminieli. Iliandikwa na mtaalamu wa mabomba, Ndugu Evaristo, na kesho yake ilikuwa iteremke Moshi mjini. Mfereji uliochimbwa na mzee Nderingo, babu wa marehemu mume wa Mama Elinipendo, katika ripoti hiyo uliitwa Mfereji wa Kwa Gidioni. Na huku mlimani mfereji hubeba jina la aliyeuchimba. Nyumba yake ndiyo hufungua maji ya kwanza. Jina likihama, zamu ya wanawe imehama.

Mjane akamwomba balozi asome yote. Balozi akasoma: Kilima cha Kwa Yuditha. Njia Panda ya Kwa Flavia. Bonde la Kwa Mathayo. Majirani wakaanza kukohoa, wengine wakageukia migomba. Majina ya wenye vilabu vya pombe matupu! Mtaalamu alikuwa amekaa kwa Gidioni siku tatu akiuliza wanywaji, nao wakamtajia nchi kama wanavyoijua wao.

Evaristo, uso umemshuka, akasema nakala tatu zimeshapigwa taipu.

"Basi itapigwa ya nne," akasema Mama Elinipendo. "Chukua kalamu twende mpaka kwenye banio. Hutaki, bomba lako halikanyagi migomba ya kihamba changu."

Wakapanda, kijiji kizima nyuma yao, mpaka juu msituni maji yanakochepushwa. Pale pana mmea wa isale alioupanda Nderingo mwenyewe, na mbele ya isale Mchagga hasemi uongo. Mjane akamgeukia Gidioni.

"Sema hapa. Mfereji wa nani?"

Gidioni alitazama maji, akatazama majani yale. Kicheko kilikuwa kimebaki kilabuni.

"Wa Nderingo," akasema.

Evaristo akafuta, akaandika. Njiani kurudi mama hakumpumzisha. Kila kijito na kila kona alivitaja kwa jina lake, naye akaandika mpaka viatu vikajaa tope.

Walipofika uani kwa mjane, machalari ya ndizi na nyama yalikuwa yananukia jikoni. Gidioni akaanza kujipitisha kuelekea kwake.

"Ingieni mle," akasema Mama Elinipendo. "Na wewe Gidioni, usijifanye umeshiba. Hapa ni kwa Nderingo, hapitwi na mtu mwenye njaa."