Kamba Shambani kwa Tekla

"Kijiji kizima kitaonekana hakijui kulima, kwa sababu yako!" Bertha alifoka kutoka upande wake wa uzio.

"Yangu mimi, au ya milingoti yako?" Tekla akajibu, jembe begani. "Mahindi yangu yanaona jua saa ngapi?"

"Miti haijawahi kumkataza mtu kupalilia, mama Gloria."

Chanzo kilikuwa kamba. Kalinga, mdadisi wa takwimu za kilimo, alikuja kutoka Iringa mjini na kishikwambi, kikamtolea namba za kubahatisha, akahesabu hatua kuingia shambani kwa Tekla. Namba zilipoishia akapigilia vigingi, akazungusha kamba. Mahindi ya ndani ya mraba ule ndiyo yangevunwa na kupimwa, serikali ipate kukadiria mavuno. Shamba la Tekla lilikuwa na mahindi ya kutazamwa kwa kuinua shingo. Kamba ikaangukia kona ya milingoti, ile mikaratusi mirefu ya Bertha, kwenye mahindi ya kuonea huruma.

Kalinga alieleza kwamba haya si mashindano. Watu wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakaulizana nani atakuwa wa kwanza.

Habari kwamba Tekla hapalilii ziliwahi kufika mpaka Ilula, maana Bertha anauza nyanya barabarani, na mteja wake haondoki na nyanya tupu. Tekla, mjane aliyesomesha watoto kwa jembe, angevumilia kuitwa mchoyo, hata mchawi. Mvivu, hapana. Jumapili, wenzake wakiwa ibadani, aling'oa vigingi akavihamishia karibu na zizi, ambako samadi ilikuwa imefanya kazi yake.

Siku ya kuvuna Kalinga alileta mizani. Watu walishajaa kama waalikwa. Akatazama kishikwambi, akatazama kamba.

"Kamwene, mama," akasalimia kwa Kihehe. "Hii kamba imehama."

"Kamwene. Labda mbuzi."

"Mbuzi wakapigilia na vigingi?"

"Wa huku wajanja."

Kalinga hakucheka. Akafuata kishikwambi mpaka kona ya milingoti, akayakuta matundu ya vigingi, akafunga kamba upya. Wakavuna. Mahindi yote yaliingia kwenye ndoo, na nafasi ikabaki. Watu wakaguna.

"Sababu ya mavuno hafifu?" Kalinga aliuliza, kidole juu ya kioo. "Ukame, wadudu, kutopalilia..."

Kwenye kutopalilia mtu akakohoa. Bertha alikuwa amesimama kwenye uzio wake, kimya, jambo ambalo kijiji hakikuwa kimelizoea. Tekla akamwangalia. Kugombana na jirani ni kitu kimoja. Kumshtaki serikalini, wakati kesho utamwomba chumvi, ni kingine.

"Kivuli," alisema.

"Cha nini?"

"Cha mlima."

Kalinga akageuka kuutafuta mlima. Upande ule hapakuwa na mlima.

"Mlima gani, wewe!" Bertha akalipuka. "Andika milingoti! Ya Bertha, mke wa Jailos! Huyu mwenzangu analima mpaka mgongo unalia, nani hapa asiyejua?"

Hakuna aliyebisha, hata yule wa kukohoa. Kalinga alisema mashine haina nafasi ya jina la mwenye miti, akabonyeza "Nyinginezo".

Tekla akajifuta uso kwa pindo la kitenge. Jasho, alisema, ingawa walikuwa kivulini.

"Jasho gani, pita huku," Bertha akasema, akisukuma mlango wa uzio. "Ugali unapoa. Na wewe wa serikali, maji ya kunawa haya hapa."