Liang Kumi za Suqin

Suqin alitembea siku mbili hadi mji wa wilaya, bonge la fedha kalifunga kiunoni ndani ya koti lake la pamba. Lilikuwa na uzani wa liang kumi kamili, kodi ya shamba iliyomshinda mumewe, Deshun, hata akawekwa ndani. Aliuza punda, akayeyusha bangili zake za harusi, na mfua fedha wa sokoni kwao akapima mara tatu mbele ya macho yake.

Karani wa kodi alilitundika bonge lile kwenye mizani, akasogeza jiwe taratibu.

"Tisa na nusu."

"Pima tena, bwana mkubwa."

Akapima tena. Tisa na nusu.

"Hii imepimwa wapi, mama?"

"Sokoni kwetu."

"Basi. Liang ya sokoni kwenu nyepesi. Hapa tunatumia ya hazina."

"Kwani liang si liang?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Hiyo ya kupimia tangawizi, shangazi!" mmoja akapaza sauti.

Suqin aliukodolea macho mti wa mizani. Ulikuwa umetulia, haukuinama huku wala kule. Laiti angemwona karani akiubonyeza kwa kidole, angalau angepata la kupigia kelele. Akachomoa kibanio cha fedha kichwani, nywele zikamwagika mabegani, akakiongeza kwenye mizani.

"Tisa na robo tatu," karani akasema.

"Pokea hii. Iliyobaki nitaleta."

"Nusu nusu siandiki. Mtu kalipa au hajalipa. Na wasiolipa wanapelekwa gereza la mkoani kesho asubuhi."

"Kwenda na kurudi kwetu ni siku nne!"

"Najua, dada," karani akasema, sauti imeshuka. "Hata mimi natoka upande huohuo." Akamrudishia fedha yake, akamwita aliyefuata.

Mlinzi wa mahabusu alimruhusu amwone Deshun kupitia nondo za mbao. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa. Suqin akampenyezea mikate miwili ya mvuke.

"Imetosha?" Deshun akauliza.

"Bado wanapima."

"Wasikupunje tu. Simama hapohapo uangalie."

"Naangalia."

Akala mkate wa kwanza kwa pupa, wa pili akauficha kifuani. Mlinzi akagonga ukuta kwa rungu, muda umekwisha. Suqin akatoka hadi barabarani, akasimama. Kushoto ilikuwa njia ya nyumbani, kulia ya mkoani. Miguu ilikataa zote mbili, akachuchumaa palepale ukutani.