Makovu Kumi na Tisa Ndani ya Gogo

Mke wangu ni fundi seremala, mimi ni mkuu wa kikosi cha kuzima moto msituni. Kwa miaka ishirini na sita sikuruhusu hata cheche. Moto ukichomoza tu, tuko juu yake. Nilijivuna, sina haja ya kuficha.

Mwaka jana moto mmoja ukatushinda. Uliteketeza kilima kizima, na miti iliyokuwepo tangu enzi za babu zetu ikafa imesimama. Sasa ofisi ilisubiri neno langu kuhusu kilima cha pili, kile kilicho juu ya mtaa wetu: tukichome kidogo kidogo mapema, nyasi zikiwa bado mbichi, au tusikiguse? Barua ilitakiwa siku hiyo kabla ya saa sita mchana. Nilishaandika: tusikiguse.

Mke wangu akaingia ofisini mwangu na kipande cha gogo kutoka kilima kilichoungua, cha mviringo kama sinia, amekipiga msasa mpaka kinang'aa. Akakitua juu ya barua yangu.

"Nilitaka kukifanya meza," alisema. "Hesabu hivyo vialama vyeusi."

"Mama watoto, nina kazi."

"Hesabu, bwana. Kazi yenyewe ndiyo hii."

Nikahesabu. Makovu kumi na tisa, membamba, moja kila baada ya miaka mitatu au minne. Mti uliungua kidogo, ukapona, ukaendelea kunenepa. Kisha pete za ukuaji ishirini na sita, moja kwa kila mwaka, safi kabisa. Halafu mkaa mtupu.

"Hizo safi ni zako," alisema taratibu.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nyasi na matawi makavu niliyoyanusuru mwaka hadi mwaka ndiyo yaliyoulisha ule moto. Wataalamu wangapi wamepita ofisini mwangu na ramani zao, nisiwasikilize! Yeye kasoma historia yote kwenye mti usiofaa hata kwa mbao. Huyu mwanamke ana jicho, jamani, na nilimwambia hivyo hivyo mbele ya karani wangu.

Nikachana barua. Fomu ya kibali cha kuchoma iliuliza sababu ya kubadili msimamo. Nikajaza: "Nilikosea."

Wiki iliyofuata, nyasi zikiwa na umande, kikosi kilisimama na mienge kikinitazama. Mtaa ulikuwa chini yetu, na nyumba yangu humo humo. Niliwasha mwenyewe. Moto ukatambaa polepole, haukufika hata magotini. Ulikuwa wa kwanza maishani mwangu niliouacha uende zake.