Kipande Kilichoelea

Dada yangu alikuwa nje ya maabara, kwenye benchi, akisubiri nimwambie neno moja: mzima. Akilipata, ataacha vidonge vya homa ya ini alivyoandikiwa miaka saba iliyopita na anavyovimeza siku akikumbuka.

"Siumwi popote, mdogo wangu," aliniambia asubuhi. "Sasa dawa za nini?"

Ini halilalamiki. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini dada ukimwambia hivyo anakucheka.

Kazi yangu ni kukata vinyama vinavyotolewa kwa sindano miilini mwa wagonjwa, viwe vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvitandaza juu ya maji ya vuguvugu, kisha kuvichota kwa kipande cha kioo. Kila baada ya mgonjwa mmoja, uso wa maji lazima upanguswe.

Daktari wetu, tuliyembandika jina la Bi Miwani, aliniita kwenye hadubini. "Njoo uone. Huyu mtu ana maini mangapi?"

Niliinama. Kwenye kioo cha ini la dada kulikuwa na vipande viwili. Kimoja kilikuwa safi, seli zimejipanga vizuri. Kingine kilikuwa kibovu. Seli zilizobeba virusi zilikuwa na ukungu, askari wa mwili wamezivamia. Zilipokufa, jirani zao ziligawanyika haraka kuziba mapengo, na yasiyozibika yakajaa makovu. Hiyo ilikuwa vita ya miaka.

Jana nilikuwa na pupa ya kuliona ini la dada. Nilimaliza kukata cha mgonjwa mwingine nikaanza chake bila kupangusa maji. Kipande kimoja cha yule wa kwanza kilibaki kikielea, nikakichota pamoja na cha dada.

"Kibovu ndicho cha yule wa kwanza," nilisema.

"Umejuaje?"

Sikujua. Nilitaka tu iwe hivyo, nikaona aibu.

"Ni nani wako?"

"Dada yangu."

"Basi badilisha maji, ukate tena. Nakutazama."

Nilimwaga maji, nikasugua beseni, nikakata tena. Kukipaka rangi ili seli zionekane kulikula karibu saa nzima. Dada alichungulia mlangoni. "Vipi, mmelikaanga hilo ini?" Nilicheka kwa meno tu.

Bi Miwani alitazama kwanza, akanipisha kiti. Kipande kilikuwa kimoja, na kilikuwa na makovu.

"Hayajaungana kote," alisema. "Akishika dawa kila siku, yanaweza kupungua. Akiacha, hatutalifufua."

Nilitoka. Dada alikuwa ameshasimama, kopo la vidonge mkononi. "Chukua, mrudishie mfamasia wenu. Mimi na hivi basi."

Nililifungua, nikamwekea kidonge kimoja kiganjani. "Ini lako lina makovu. Nusura nikudanganye, dada. Nusura nikuue. Meza."

Alinitazama usoni, akaacha kutabasamu, akakimeza bila maji.